Mdogo Wake na Mjukuu Wake

Huko Mapera, kata ya milimani wilayani Mbinga, msimu wa kahawa haumwachi mtu akae bure. Mwalimu mmoja mstaafu wa huko anasimulia kwamba mchumaji hodari kuliko wote nyumbani kwao, miaka ya 1970, alikuwa mdogo wake wa kiume, kijana aliyebalehe akiwa hasemi zaidi ya maneno machache. Yeye alichuma matunda mekundu tu. Lenye ukijani hata kidogo alilipita, na ukimtania kwa kulitia kwenye kikapu chake alilitoa, akaliweka chini, akaendelea na kazi. Wakubwa walichuma harakaharaka, kisha jioni wakakaa kuchambua. Kikapu chake kilikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kumenya.

Hali yake haikuwa na jina. Wapo waliomwita bubu na kiziwi, ingawa aliposikia mlio wa ndege alielekea mti wenyewe. Wapo walionong'ona kuhusu bibi mzaa baba na deni la zamani la uchawi. Mama yao alisikia yote hayo na hakujibu hata moja.

Mtoto huyo alilelewa na watu wengi, kwa sababu makazi yenyewe yalipangwa hivyo. Wamatengo wa zamani waliishi kwa ntambo: mgongo mmoja wa mlima, mara nyingi wenye kijito huku na kijito kule, mali ya ukoo mmoja. Kwenye miteremko wanaume walifyeka majani na kuyalaza kwa miraba. Wanawake wakayafukia kwa udongo, wakaacha mashimo katikati. Ndiyo ngolo, kilimo kilichozuia milima hiyo mikali isimomonyolewe na mvua. Kijana akitoroka nyumbani hakufika mbali. Mlango wowote aliobisha ulikuwa wa baba mkubwa au baba mdogo, na jioni wanaume na wavulana walikula pamoja kwenye sengu, chakula kikiletwa kutoka kila nyumba.

Mwalimu hapendi hadithi hii ipambwe kupita kiasi. Degedege ya utotoni iliporudi ikiwa kifafa, mdogo wake alitengewa bakuli lake, akala nje ya duara. Watu waliogopa povu la mgonjwa, wakiamini linaambukiza. Hofu ya namna hiyo ilikuwa imeenea sehemu nyingi za nchi. Huko Mahenge, daktari Mnorwe Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, akakuta wagonjwa waliokuwa wameachwa bila matibabu, baadhi yao watoto wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa. Familia ya Mapera ilipata vidonge kutoka hospitali ya misheni, na vilipokuwepo, kijana alirudi kwenye duara. Vilipokosekana, bakuli lilirudi nje.

Kuhusu shule, Mwalimu anakumbuka siku moja tu. Novemba 1977 nchi ilitangaza elimu ya msingi kwa wote, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikawabana wazazi. Mwandikishaji alifika na daftari lake, baba akawataja watoto wake mmoja mmoja, akamruka mmoja. Hakuwa amemficha. Kijana alikuwa amekaa palepale kizingitini, na mwandikishaji alimwona, akamsalimia, akafunga daftari. Shule za watoto wenye ulemavu zilikuwepo nchini: ya wasioona Buigiri, Dodoma, tangu 1950, na ya viziwi Tabora tangu 1963. Mtoto huyu hakuwa kipofu wala kiziwi.

Alifariki kijana, kwa kuangukia moto wa jikoni katika kipindi dawa zilipoadimika. Mwalimu hulitaja hilo kwa sentensi moja na kuhamia kwa mjukuu wake mwenyewe.

Mjukuu alizaliwa mwaka 2014, ukoo ukiwa umeshatawanyika. Biashara ya kahawa ilikuwa imefunguliwa kwa wanunuzi binafsi tangu katikati ya miaka ya 1990, chama kikuu cha ushirika, MBICU, kikaanguka, vijana wakashuka mijini, na ntambo ikakatwakatwa vipande. Mtoto alitembea kwa ncha za vidole, alipanga visoda mstari mmoja mrefu, na pikipiki ikipita aliziba masikio na kulia. Kliniki walimpima: uzito mzuri, chanjo zimekamilika, wavulana huchelewa kusema. Mama yake ndiye aliyesikia redioni kipindi cha tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, akapiga simu nyumbani usiku uleule. Nauli na gharama za vipimo zilitoka kwenye magoma, yaani kahawa iliuzwa ingali mtini, kwa bei ya mnunuzi.

Safari hii daftari la shule halikumruka. Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na elimu ya msingi haina ada, kwa hiyo aliandikishwa bila mjadala. Akaingia darasa lililojaa, chini ya mwalimu mwenye moyo ambaye hakuwahi kusomea elimu maalumu. Chuo cha Serikali cha fani hiyo, Patandi, kiko Meru, Arusha. Lushoto kuna Irente Rainbow, shule ya Kanisa la Kilutheri (KKKT) iliyoanza 2005 kwa watoto wenye usonji na ulemavu wa akili. Ukiwa Mapera, Lushoto ni pembe nyingine ya nchi.

Bibi yake, yaani Mwalimu, akarudi kwenye ualimu wake. Alikata maboksi ya sabuni, akachora ndoo, kikombe cha uji, sare, darasa, kitanda, akazitundika picha kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Kila jambo likiisha mtoto hugeuza picha yake. Jumamosi moja bibi alisahau kuondoa ile ya sare. Alipotoka shambani alimkuta mjukuu amevaa soksi na yote, amesimama mlangoni, amekasirika kwa kucheleweshwa.

Siku hizi majirani wanaijua hali yake, wanasalimia vizuri, na minong'ono imepungua sana. Wa kumshika mtoto kwa saa moja ndiye hayupo. Baba wadogo wako Mbinga mjini na Makambako, na wenzake wa rika wako shuleni au wanachunga. Ukimsikiliza Mwalimu, ndugu yake aliguswa na mikono mingi bila sheria yoyote, na mjukuu ana sheria na mikono miwili iliyozeeka. Hachagui upande. Anataka vyote.

Ndiyo maana yeye na kina mama wengine watatu wameunda kikundi. Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri hutengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Haja yao hasa ni kumlipa binti mmoja awaangalie watoto kwa zamu, ila mkopo unataka mradi wa kuzalisha. Mmoja akapendekeza nguruwe, wana soko zuri milimani. Mwalimu akakataa: mjukuu hastahimili kelele zao. Wamekubaliana kuku wa kienyeji, na kinachobishaniwa sasa ni jogoo.