Sabuni ya Bahi Yagoma Kutoa Povu!

Ukishuka Bahi, kwenye Reli ya Kati magharibi ya Dodoma mjini, midomo inakauka kabla hujasalimia. Upepo wa Ugogo hauna adabu, msomaji!

Nilimfuata mama mmoja anayejipikia sabuni laini, ile ya kuchota kwa vidole kama krimu. Anataka kuiuza, ila maji ya kisima chake yana chumvi, na humo sabuni nyingi zinagoma. Badala ya povu unapata utando wa kijivu kwenye beseni.

Alinitolea makopo matatu, yamekaa zaidi ya mwezi. La kwanza ni maji ya majivu na mafuta ya alizeti ya shambani kwake. Majivu yana potashi, ndiyo maana sabuni yake haigandi ikawa mche. Iko kama uji wa ulezi, na kwenye maji ya kisima ikagoma. La pili kaongeza kostiki soda kidogo (soda ndiyo hutiwa kwenye maji, usithubutu kinyume, itakurukia usoni!). Likawa zito, zuri hasa, lakini povu hakuna.

La tatu, nusu ni mafuta ya nazi. Mwenzangu, povu hadi kwenye viwiko! Sabuni ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, mabaharia wanalijua hilo siku nyingi. Nilinawa mara mbili, ya pili kwa kuringa tu.

"Sasa mama, si uuze hii?"

"Alizeti nalima mwenyewe, mwanangu. Mnazi nitaupanda wapi hapa?"

Akavuta kopo la pili, akaanza kupiga hesabu upya.