Makaa ya Maungu

Zamani, ukitoka Voi kuelekea Mombasa, kuanzia Ndara hadi Maungu magunia ya makaa yalijipanga kandokando ya barabara, midomo imezibwa kwa vijiti na kufungwa kamba. Lori lilisimama, bei ikakubaliwa, gunia likapandishwa. Nyumbani nyanya alipika kimanga, chakula chetu Wataita, kwenye jiko la makaa, na hakuna aliyeuliza mgunga gani ulikatwa.

Wangari Maathai, mama wa kupanda miti, alipotunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 2004, wengi walishangaa miti imeingiaje kwenye amani. Jibu lilikuja 2012: Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga marufuku makaa ya Somalia, kwa kuwa wanamgambo wa Al-Shabaab walikuwa wakichuma pesa humo. Kumbe gunia laweza kununua risasi.

Kwetu waliotangulia kuzungumza juu ya miti hawakuwa serikali. Kampuni ya uhifadhi ya Wildlife Works ilianza katika ranchi ya Rukinga mwaka 1998, na baadaye ikaketi na wenyehisa wa ranchi nyingine, Ndara yetu ikiwemo, kukubaliana miti ibaki imesimama kati ya hifadhi za Tsavo Mashariki na Magharibi na hewa ya kaboni iuzwe. Hati za mwanzo za kaboni zilitoka 2011. Ukame ukibana na ngamia na ng'ombe wa wafugaji wa mbali wakaingia ranchini, mara nyingi ni wazee wa pande mbili wanaotuliza vijana kabla mkuki haujainuliwa. Huo nauita ubalozi, hata kama hakuna bendera mezani.

Serikali nayo ilikuja na amri. Februari 2018 ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii ukasimamishwa na lori la makaa likawa la kukimbizwa. Julai 2021, gesi ya kupikia ikarudishiwa ushuru wa asilimia 16! Mama aliyekatazwa makaa akaongezewa bei ya mtungi. Iliniuma, na bado inaniuma. Ushuru ulishushwa baadaye, lakini kuna majiko yaliyokuwa yamekwisha kurudi kwenye makaa, na makaa yenyewe yalipita usiku, kwa njia za vichakani.

Leo magunia barabarani yamepungua, na migunga mikubwa pia. Laiti mazungumzo yale ya ranchi yangeanza tukiwa watoto, tena yakawaita wachoma makaa na akina mama wa vibanda vya chakula Voi. Hao ndio wanaojua sufuria moja ya maharagwe inataka moto kiasi gani, na bado nafasi yao mezani ni finyu.