Kutoka Kibwezi hata Kitui

Msafiri atokaye Kibwezi, katika Makueni, huvuka mto Athi, akapita Ikutha na Mutomo hata kufika Kitui. Njiani huona mibuyu, na mito iliyokauka ikabaki mchanga, na mashamba ya ndengu, mbaazi na kunde.

Wenyeji hutegemea zaidi mvua za vuli, zinyeshazo kati ya Oktoba na Desemba. Mwezi wa Septemba 2022 Serikali ilitoa mbolea ya ruzuku, mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 3,500. Mwaka 2023 bei ikashushwa kuwa shilingi 2,500. Mkulima aliyeandikishwa huletewa habari kwa simu, kisha huifuata mbolea ghalani.

Lakini akaaye mbali na ghala hulipa nauli yake na ya mfuko, na unafuu huo hupungua njiani. Tena mbolea ya kupandia, ikimfikia mbegu zimekwisha kuota, haimfai kama ilivyokusudiwa. Yafaa majirani wakodi gari moja pamoja, na ghala zijazwe kabla mawingu hayajatanda. Mvua haimngoji mtu.