Mbwa Asiyebweka Katika Vinamasi vya Mbiye

Kisiwa cha Mbiye kiko katikati ya mto Kongo, juu kidogo ya Kisangani, jirani na maporomoko ya Wagenia. Ukikitazama kutoka ng'ambo unadhani ni msitu mtupu. Ndani kuna nchi kavu yenye miti mikubwa, kuna msitu unaofurika kila mto unapojaa, na kuna vinamasi vya mwale ambako mguu huzama hata wakati wa kiangazi. Huko ndiko mjomba wangu alikowinda bata mwaka 1974, miezi michache kabla Muhammad Ali hajapigana na George Foreman kule Kinshasa. Mimi nilikuwa mtoto wa kubeba: kafi, mfuko wa kartushi, na mbwa mdogo aliyekuwa bado hajakubali kukanyaga maji.

Wenye kisiwa ni Waenya, wale wanaojulikana kwa miti yao mirefu iliyosimikwa kati ya mawe ya maporomoko ili kubeba madema ya samaki. Mjomba hakuwa Mwenya. Kila tulipofika alipita kwanza kwa mzee mmoja wa kijiji, akakaa, akaulizwa habari za nyumbani moja moja, ndipo akaomba njia. Wakati wa kurudi aliacha ndege. Hata siku tuliyopata mmoja tu, huyo mmoja aliachwa, nasi tukala lituma na pondu bila nyama.

Bunduki yake ilikuwa ya kalibre 12, mtutu mmoja. Kartushi zilikuwa adimu na ghali, na alizihesabu kila jioni akizipanga juu ya meza. Lakini kilichomuumiza kuliko kartushi iliyopotea ni ndege aliyepigwa asionekane. Bata akianguka kwenye kinamasi, jicho la mtu halimfuati. Mwale umesongamana, majani yanaelea, na kando za mto kuna gugu maji, lile lililovamia mto wetu miaka ya 1950 na watu wa majini wakaliita Kongo ya sika. Bata mzima anapita chini ya majani hayo na kutokea mbali. Aliyevunjika bawa anajichimbia humo, anakufa polepole, na hakuna anayemla isipokuwa kenge. Mjomba aliwahi kuuacha uwindaji msimu mzima kwa sababu ya ndege wa namna hiyo. Ndipo akaamua kutafuta mbwa.

Majirani walimcheka, na kwa akili ya kawaida walikuwa na haki. Mbwa wa kwetu ni wa msituni: mdogo, mwekundu, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo, paji la uso lina makunyanzi. Habweki. Akifurahi hutoa sauti inayopanda na kushuka, nusu wimbo, nusu kilio. Wazungu wanamwita basenji. Mwaka 1895 walipeleka wawili London kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, wakafa kwa maradhi muda mfupi baadaye, na ilibidi kungoja hadi miaka ya 1930 ndipo mbwa hao wakastawi Uingereza. Wawindaji wa nyavu humfunga kengele ya mti shingoni. Kengele humtimua mboloko, yule paa mdogo wa msituni, kuelekea wavuni, na humwambia mwenye mbwa alipo mbwa wake. Kwa kazi hiyo hana mpinzani. Lakini maji hayapendi. Mvua ikidondoka tu anakwenda kulala jikoni.

Mjomba alimpata kwenye kijiji cha barabara ya zamani ya Buta. Ilimbidi angoje, kwa maana majike wa aina hii hupata joto mara moja tu kwa mwaka, na mwaka ukikupita umekupita. Alichagua jike. Akamwita Shauri Yao, jina lililokuwa jibu kwa majirani, na kila alipomwita wakati wa jioni uani kwetu Mangobo, mtaa mzima ulisikia.

Hakumfundisha kwa fimbo. Alianza na bawa la bata lililokaushwa, akalifunga kamba, akalitupa uani kwenye mchanga mkavu. Mbwa akilichukua, mjomba hakumkimbilia. Aligeuka na kuondoka, na mbwa akamfuata na bawa mdomoni. Sijaona njia nyingine iliyofanya kazi kwa mbwa hawa. Ukimfuata, anakimbia. Ukimwamuru, anakutazama. Ukimwacha nyuma, anakuja. Kisha bawa likatupwa kwenye matope, kisha kwenye maji ya kifundo cha mguu kandokando ya mto, mwezi wa saba mto ulipokuwa umeshuka na mchanga umejitokeza. Pale mbwa alisimama. Aliinua mguu mmoja wa mbele, akaurudisha chini, akatoa ile sauti yake.

Mjomba akavua viatu, akaingia mwenyewe, akapita penye bawa bila kuligusa na kuendelea mbele kana kwamba ana safari yake. Maji yalimfika magotini. Mbwa alilia ukingoni mpaka mtu wake akawa mbali mno kwa moyo wake, ndipo akaruka. Alirudi na bawa, amelowa, amekasirika, mkia umenyooka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Mwipwa," mjomba aliniambia, "usimsifu sana. Mpe samaki, basi."

Bata wa kwanza wa kweli alikuwa mmoja wa wale wenye uso mweupe wanaopiga mbinja wakiruka, ambao usiku unawasikia wakipita juu ya mji kabla hujawaona. Kuna wengine Mbiye: bata wa msituni mwenye rangi ya kahawia na bega la buluu, anayekaa kwa jozi kwenye vijito na kutua juu ya miti, na yule mdogo sana anayekula mbegu za yungiyungi. Lakini wa mbinja huja kundi, na asubuhi ile kundi lilishuka chini kabisa juu ya uwazi wa kinamasi. Mjomba alipiga mara moja. Ndege mmoja akayumba, akaanguka upande wa pili wa mwale, na hatukusikia kishindo.

Alikuwa amemvua mbwa kengele ili isiwashtue ndege. Sasa mbwa alikuwa ameingia kwenye kinamasi, habweki, hana kengele, na sisi tulibaki kutazama majani tu. Yalitikisika kushoto, yakatulia. Mjomba hakuzungumza. Najua alikuwa akifikiria mamba, kwa sababu kwa ajili ya mamba hakumruhusu mbwa kamwe kuingia maji ya kina. Kundi likazunguka na kurudi juu yetu, chini, rahisi kabisa, nami nikamshika mkono nikimwonyesha. Hakuinua bunduki. "Yule hajapatikana," alisema.

Tulisogea tukishika mizizi. Tulimkuta Shauri Yao amesimama, maji yakimfika kifuani, kichwa amekiinamisha upande, akitazama jani moja. Mimi sikuona kitu. Kisha nikaona ncha nyeusi ya mdomo, ndogo kuliko ukucha wangu, imechomoza kando ya jani, na matundu mawili ya pua juu yake. Mwili wote wa bata ulikuwa chini ya maji, hatikisiki. Mbwa alizamisha mdomo hadi machoni, kitu ambacho hakuna aliyemfundisha, akatoka naye. Alimshika mgongoni bila kumtoboa ngozi. Mjomba aligeuka akaanza kurudi ukingoni, kama uani, naye akamfuata hadi nchi kavu na kumwachia miguuni. Mjomba alimmaliza ndege upesi kwa mkono. Kisha akachuchumaa, akamkumbatia mbwa aliyejaa tope, akakaa hivyo muda mrefu, yeye aliyenikataza kusifu.

Waliwinda pamoja miaka mingi. Mwaka 1982, sheria mpya ya uwindaji ilipotoka, mjomba alikuwa tayari mzee, na mbwa alikuwa amekwisha kuzaa watoto waliotawanyika hadi Lubunga. Hakuuza hata mmoja. Aliyetaka mtoto alipaswa kuja kwanza kukaa siku moja kinamasini na kurudi bila kupiga risasi yoyote. Wengi hawakurudi tena kuomba. Vita vilivyofuata vilileta bunduki nyingi mjini kuliko alizowahi kuziona, na mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya Kisangani, makombora yaliangukia nyumba za watu. Mjomba alikuwa amefariki kabla ya hapo, na bunduki yake haikuwa tena nyumbani.

Bado navuka kwenda Mbiye, mto ukishuka. Nasikia mbinja mara chache kuliko zamani. Vijana ninaowakuta wana bunduki nzuri, na hawana mbwa. Nawauliza wameangusha ndege wangapi, wanataja hesabu. Nawauliza wameokota wangapi. Hapo wananiangalia, na mimi nawaelekeza kijiji kile cha barabara ya zamani ya Buta ambako majike bado wanazaa, na nawaambia wapeleke chumvi na sabuni kwa mwenye mbwa, na wachague jike.