Tuzo za Hisani na Chumba cha Uani

Nairobi ina desturi ambayo sisi tuliotoka pwani huchukua muda kuizoea: kila kazi ina usiku wake wa tuzo. Mabenki wana wao, wenye hoteli wana wao, na wenye majumba, yaani wajenzi, madalali, wakadiriaji wa thamani, mawakili wa ardhi na wanaowauzia saruji na vigae, nao wana wao, ambapo husifiwa walioshinda wenzao kwa hisani. Si jambo la Nairobi peke yake. Uingereza watu wa biashara hiyo wana shirika lao la hisani, LandAid, tangu mwaka 1986, na shabaha yake kubwa siku hizi ni vijana wasio na makazi. Ukilitazama kwa utulivu, jambo lenyewe lina maana. Anayekula kwa nyumba na amkumbuke asiye na nyumba.

Wifi yangu ni karani katika ofisi ya wakala wa nyumba. Mwaka jana alipata kadi mbili za dhifa ya namna hiyo, akaniambia, "Wifi, twende ukaone watu wanaotupangisha." Nikaenda. Tuliomba meza isiyowekwa pombe, tukapewa ya pembeni karibu na mlango wa jikoni, pamoja na mhasibu Mbohora na mkewe, wakadiriaji wawili vijana, na bibi mmoja wa makamo aliyekuwa akimiliki nyumba za kupangisha Kayole na ambaye hakuvua koti lake usiku kucha. Mbele walikaa wakubwa. Wanawake walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia, na wengine ndio waliokuwa wenye kampuni; hilo lilinifurahisha, sitalificha.

Kila kampuni iliyotajwa iliambatana na picha ukutani: shule iliyopakwa rangi, vyoo vilivyojengwa, wasichana waliogawiwa taulo za hedhi, tangi la maji lililotawazwa kwa utepe mwekundu. Nilipozitazama picha zile niliona kwamba karibu zote zilipigwa kwetu, Eastlands: Dandora, Kayole, Huruma, Majengo. Watu wa ukumbini, kwa mavazi na magari, walikuwa wa Lavington na Karen. Picha zilikuwa zetu.

Wapo watakaosema hayo yote ni ria, na kwamba mkono wa kushoto haupaswi kujua mkono wa kulia umetoa nini. Mimi siwezi kuhukumu upesi hivyo. Surat al-Baqara yenyewe inaikubali sadaka ya dhahiri, ingawa inaipa ile ya siri daraja la juu zaidi. Na huenda tajiri mmoja akamwona mwenziwe akipigiwa makofi, naye kesho akachimba kisima. Maji ya kisima hicho yatanyweka vilevile. Lakini sura hiyo hiyo inaonya kuhusu sadaka inayofuatiwa na masimango na udhia, na hapo ndipo nilipoanza kukosa raha kitini.

Tuzo niliyoipenda mimi ilipigiwa makofi machache kuliko zote. Alipewa mhandisi kijana ambaye siku zake za Jumamosi huzunguka mitaa ya mashariki akiwakagulia wenye nyumba wadogo nguzo na misingi bila malipo. Alisema maneno yasiyozidi dakika mbili, na mojawapo lilikuwa Huruma. Wenyeji wa Nairobi hawahitaji kuelezwa. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa liliporomoka pale Huruma na kuua takriban watu 50. Mtoto mchanga wa kike alitolewa chini ya kifusi akiwa hai baada ya siku tatu na zaidi, na nchi nzima ikalia kwa shukrani. Nyumba ile ilikuwa ikilipiwa kodi kila mwezi. Walioishi humo hawakuomba sadaka ya mtu. Walichokosa ni nguzo madhubuti, kitu walichokuwa wamekwisha kukilipia. Kijana aliposhuka jukwaani, mshereheshaji alifanya mzaha kuhusu kofia yake ya kazi, tukaletewa samaki.

Tuzo iliyofuata ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kampuni moja ilituzwa kwa tangi la maji Majengo, Pumwani, na baada ya picha alisimamishwa mkazi mmoja atoe shukrani. Nilimtambua mara moja. Ni mwanamke wa miaka themanini hivi, nimemjua kwa muda mrefu kwa sababu binti zetu walisoma madrasa moja. Alishukuru kwa adabu, akasema maji yanatoka, akaketi. Mshereheshaji alitaka aongeze neno, naye akamjibu, "Nimemaliza, mwanangu."

Tulimpa nafasi garini wakati wa kurudi. Tulipoipita Muthurwa na kushika Barabara ya Landhies ndipo alipofungua kinywa.

"Mwanangu, wewe wasoma magazeti. Mtu akikupa maji mwezi wa tatu, na mwezi wa tano akakuletea karatasi ya kutia saini, hayo maji ni sadaka au ni posa?"

Kampuni iliyoweka tangi ndiyo inayotaka kukitwaa kiwanja cha nyumba yake na vya majirani watatu, ijenge ghorofa kumi. Kila familia itapewa nyumba mbili ndani ya jengo, na zilizobaki zitauzwa. Watoto wake wanataka atie saini, na siwezi kuwalaumu. Paa linavuja na wajukuu wanalala wanne chumba kimoja.

Msomaji wa pwani huenda hajui Majengo ni nini. Serikali ya kikoloni ilipoamua, miaka ya mwanzo ya 1920, kuvibomoa vijiji vya Waafrika vilivyotapakaa Nairobi, iliwapimia watu viwanja Pumwani wajijengee wenyewe. Kiwanja kilibaki cha serikali, nyumba ikawa ya aliyeijenga. Wakajenga kama walivyojua, nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma, za udongo na miti, nyingi zikiezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa. Waislamu walikuwa wengi, na miongoni mwa wenye nyumba wanawake walikuwa wengi pia, jambo ambalo wanahistoria wameliandika sana, pengine kwa udadisi kuliko heshima. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenye nyumba wake wakahamishiwa jirani, mahali panapoitwa Shauri Moyo hadi leo. Ndivyo Eastlands ilivyoanza: kwa kuhamishwa, na kwa wanawake waliokusanya vijisenti wakasimamisha kuta.

Nyanya wa bibi huyu alikuwa mmoja wao. Alijenga vyumba sita, vitano vya kupangisha na kulala, na cha sita, chenye mlango wa uani, alikitoa wakfu. Ni chumba cha kuoshea maiti wa kike. Majengo watu wanaishi kwa kubanana. Mwanamke akifia katika chumba cha futi kumi pamoja na watoto watano, ataoshewa wapi kwa sitara? Humo mna kitanda cha kuoshea, pipa la maji, sanduku la sanda, karafuu maiti na udi. Nimeingia humo mara mbili kusaidia. Mara ya pili tulikuwa tukimwosha msichana wa kazi asiyekuwa na jamaa mjini, na wanawake sita wa mtaa walikuja bila kuitwa. Hakuna aliyewapiga picha.

Wakfu ule haukuandikwa popote. Ulishuhudiwa na watu waliokwisha kufa. Nilimuuliza mwalimu mmoja aliyesoma fiqhi, akanieleza kwamba jengo linaweza kuwekwa wakfu hata kama ardhi chini yake si ya mwenye jengo, na kwamba wakfu hauuzwi, hautolewi zawadi wala haurithiwi. Ama kuubadilisha kwa kitu kingine, wanazuoni wametofautiana, na wanaoruhusu wanataka kinachopokewa kisiwe duni. Kwa hiyo watoto wa bibi wanaweza kutia saini kwa vyumba vitano. Cha sita si chao.

Nilimshauri aitake kampuni iandike katika mkataba wenyewe kwamba sehemu moja ya jengo jipya itakuwa wakfu kwa kazi ile ile, kisha jambo hilo lipelekwe kwa Tume ya Wakfu iliyoko Mombasa lisajiliwe. Wifi yangu, anayejua lugha ya karatasi hizo, alimwandikia barua. Afisa wa kampuni alikuja nyumbani na keki. Alikuwa mpole, tena msikivu. Alisema kampuni ina bajeti ya hisani na itafurahi kukifanya chumba hicho kuwa mradi wake wa mwaka, chenye kibao cha jina lao mlangoni. Bibi akamwambia hakuomba hisani yao; anataka kirudi kilichokuwapo. Kijana alikaa kimya muda mrefu, na nadhani alielewa.

Nakiri nilimwonea huruma. Hapajawa na usiku wa tuzo wa kumpongeza mtu kwa kuacha kitu mahali alipokikuta. Hakuna utepe wa kukata. Nguzo iliyosimama haionekani pichani tofauti na nguzo iliyo mbovu, na wakfu uliohifadhiwa unafanana sana na chumba kikuukuu cha uani chenye pipa la maji.

Rasimu ya mkataba ilirudi wiki mbili zilizopita. Kifungu kimo, ukurasa wa 9, bila kibao cha jina, na kwa lugha iliyo wazi kabisa. Chumba chenyewe kimepangwa ghorofa ya nne, na lifti haitafungwa mpaka awamu ya pili ya ujenzi. Bibi alinipigia simu baada ya sala ya alasiri nimsomee tena sehemu ile, nikamsomea pole pole. Akaniuliza upana wa ngazi. Karatasi haikusema. Amekataa kutia saini hadi chumba kishushwe chini, chenye mlango wa kutokea nje, na watoto wake, baada ya kukasirika siku tatu, wameandika barua hiyo wenyewe.