Akiba ya Umeme

Msomaji, kila chombo kina tumbo lake, na tumbo la kamera ni betri. Mwenye kamera aghalabu husifu jicho lake, yaani lenzi, akalisahau tumbo lake mpaka siku njaa itakapomwaibisha. Mimi niliaibika, na aibu hiyo ndiyo iliyonifunza haya nitakayokuambia.

Usiku wa tarehe 27 Julai 2018 mwezi ulipatwa. Dunia ilisimama kati yake na jua, na kivuli cha dunia kikaufunika wote kwa muda wa dakika 103. Katika karne yote ya 21 hapana kupatwa kamili kwa mwezi kunakozidi huko kwa urefu. Wakati huo nilifundisha katika shule ya bweni, na kanuni hazikuwaruhusu wanafunzi kukesha nje. Niliwaahidi kwamba nitakesha kwa niaba yao. Kamera yangu ingesimama uwandani Laikipia, ikapiga picha moja kila baada ya sekunde kumi, tangu kivuli kinapougusa mwezi hata kinapouacha. Jumatatu wangeuona usiku mzima darasani.

Betri yangu ilikuwa imejaa. Mara nyingi iliwahi kunitosha siku nzima arusini, nami nikadhani kinachotosha mchana kitatosha usiku. Nilikosea. Arusini kamera huamka, hupiga, kisha hulala, na kazi ya siku nzima ni dakika chache zilizotawanyika. Kazi ya kukesha haina usingizi. Tena baridi ya Laikipia katika mwezi wa Julai hupunguza nguvu za betri kama ipunguzavyo wepesi wa vidole.

Kivuli kiliugusa mwezi saa 3:24 usiku. Ilipotimia saa 4:30 mwezi ulikuwa mwekundu wote, kama kaa linalofifia. Saa 4:45 kamera ilizimika. Nikabaki gizani nikiutazama wekundu ule kwa macho yangu kwa dakika 88 zilizosalia, na hata mwezi ulipoanza kung'aa tena sikuwa na cha kuwapelekea wanafunzi wangu.

Jumatatu niliwaonyesha nilichopata. Picha zilikoma mwezi ukiwa mwekundu. Msichana mmoja wa kidato cha pili akaniuliza, "Mwalimu, uliachiliwa saa ngapi?" Nilimjibu kwa maneno, lakini maneno siyo niliyoahidi.

Tangu siku hiyo nilijifunza hesabu niliyokuwa nimeidharau, nayo ni nyepesi. Zidisha volti za betri kwa ampea-saa zake, utapata wati-saa, ambazo ni kipimo cha chakula kilichomo. Betri ya ndani ya kamera yangu ina volti 7.2 na ampea-saa 1.8, yaani wati-saa 13 hivi. Kamera yenyewe, kioo chake cha nyuma kikiwaka, hula kama wati 6. Ukigawanya utapata saa mbili na dakika chache, na baridi huzipunguza hizo. Kupatwa kule, tangu kuguswa hata kuachwa, kulichukua saa 3 na dakika 55. Hesabu ingalinionya, lau ningaliiuliza.

Sasa natumia betri ya nje, ile ya risasi iliyofungwa, ya volti 12 na ampea-saa 7, ambayo watu huitumia katika ving'ora vya nyumba na taa za dharura. Ina wati-saa 84. Lakini betri ya risasi haipendi kumalizwa, na anayetaka idumu hutumia nusu yake tu. Nusu ni 42, na kifaa cha kupunguza volti hutoza ushuru wake. Zikibaki 36, kamera yangu hupata saa sita.

Umeme huo hauingizwi katika kamera vivi hivi, kwa kuwa volti 12 zaweza kuiunguza. Kwanza hupita katika kipunguza volti, ukashushwa hata kiasi kilichoagizwa na mtengenezaji wa kamera. Kisha waya huingia katika betri bandia, ambayo ina umbo la betri halisi lakini haina nguvu yake yenyewe, bali hupitisha ya mwenzake. Karibu na upande wa chanya wa betri kubwa huwekwa fyuzi, ili waya zikigusana ikatike yenyewe kabla ya moto kuwaka. Chanya na hasi hupimwa kwa mita kabla ya kuunganishwa, kwani kosa hilo halina msamaha. Waya hufungwa katika mguu wa stendi, mtu akijikwaa asiing'oe kamera. Betri nayo, kwa kuwa ni nzito, huning'inizwa chini ya stendi ikawa nanga wakati wa upepo. Mwisho wa yote, mtambo mzima hujaribiwa nyumbani kwa saa zote za kazi.

Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa tena mbele yetu. Kivuli kiliugusa saa 1:27 usiku, ukawa mwekundu wote tangu saa 2:30 hata saa 3:52, na ukaachwa saa 4:56. Kamera yangu haikufumba jicho hata mara moja. Asubuhi nilimpelekea picha zile msichana aliyeniuliza, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake. Akanijibu, "Sasa nimeona, Mwalimu."

Nilifurahi, lakini furaha yangu ilikuwa na upungufu. Darasa lile lilikuwa la wanafunzi arobaini, na wengi wao nimepotezana nao. Miaka saba ni muda mrefu wa kuchelewesha ahadi, na usiku wa 2018 haurudi.

Kwa hiyo, msomaji, usione haya kuazima nguvu nje pale za ndani zisipotosha. Betri ndogo haikunidanganya, maana kiasi chake kilikuwa kimeandikwa juu yake. Nilijidanganya mwenyewe nilipopima kazi ya usiku kwa kipimo cha mchana. Kabla ya kuahidi, soma kilichoandikwa, hesabu saa, kisha ndipo ufungue kinywa.