Kamionete ya Kale na Mteremko wa Ngomo

Kamionete yetu ni Chevrolet 3100 ya mwaka 1951. Bwati yake ya vitesi imechakaa, na fedha tuliyochanga yatosha kununua mara moja tu. Vijana wetu wataka bwati ya vitesi tano pamoja na meno mapya ya ponti ya nyuma, gari likimbie vizuri katika bonde la Ruzizi. Sisi hatukubali, na hesabu yetu ni hii.

Bwati ya sasa ina vitesi tatu. Katika ile ya kwanza motere huzunguka mara 2.94 ili chuma kirefu kiendacho nyuma kizunguke mara moja. Ponti nayo ni 4.11. Ukizidisha wapata 12: motere mara 12, gurudumu mara moja. Basi mtu asichague bwati bila kuitazama ponti, maana gurudumu hutii zote mbili pamoja.

Meno ya 3.55 yapo kwa gari hili. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, motere ingeshuka toka mizunguko 2,400 hivi kwa dakika hata 2,100. Ni faida ya kweli. Motere hii ya inchi 216 yapenda kazi ya polepole. Fimbo za pistoni zake hukaa juu ya madini laini yaliyomiminwa, nayo huharibika upesi ikikimbizwa. Lakini ni nani kwetu aendaye kilomita 80, na magunia ya maharagwe nyuma? Kule Ngomo, katika kupanda toka Kamanyola, ile 12 ingekuwa 10 na nusu tu.

Na kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Breki zikishika moto hulegea, na hapo motere peke yake huzuia gari. Siku nyingine aliyelala nyuma ni mama mgonjwa.

Chevrolet wenyewe walitoa bwati ya vitesi nne tangu 1948. Ya kwanza yake ni 7.05, zidisha kwa 4.11, karibu 29! Gari litashuka kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Ni nzito, yapiga kelele, haidhuru. Vitesi ya nne ni sawa na ya tatu ya leo, kwa hiyo barabarani hatupotezi kitu.

Neno moja kwa wenye gari kama letu: chuma kile kirefu kimefungwa ndani ya bomba mpaka kwenye ponti. Bwati iliyotoka katika lori kubwa haiingii hivihivi, na ile ya vitesi tano yadai ponti nyingine nzima. Tumemwandikia muuzaji kwamba twataka bwati iliyotoka katika 3100 ya kabla ya 1955, wala si nyingine.

Vijana wamenuna kidogo. Shofere wetu mzee aliuliza tu itafika siku gani.